Konokono wa Fundi Saa

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu ametoa hukumu nikiwa bado nakunywa chai. Inzi weupe wamejaa kwenye nyanya zangu, na nisipowaondoa kufikia Jumapili, tuta linakwenda kwa mama yake apande vitunguu. Tuta langu! Mahali pekee katika nyumba hii ninapoamua jambo bila kuitishiwa kikao. Mama mkwe alikuwa anamenya viazi, wala hakuinua macho. Alikitabasamia kiazi.

Bahati nzuri mimi ni msomaji. Marigoldi, yale maua ya rangi ya chungwa yenye harufu kali, ukiyapanda kando ya nyanya wadudu hukimbia. Nimenunua miche ishirini iliyokwisha kuchanua, nikazungushia tuta zima. Inzi wakihama, wa karibu ni Fundi Saa, jirani yetu mtengeneza saa, mwenye kabichi nyuma ya ukuta unaonifika kiunoni. Shauri yake.

Jumatano, 5 Machi

Inzi wamepungua. Nikamwita mama mkwe aje ashuhudie kwa macho yake. Akaja, akainama, akauliza na hawa je, nao ni wageni wangu?

Konokono. Kumi na wanne, wanatafuna marigoldi bila haraka. Mche mmoja wa nyanya umebaki kijiti. Sijawahi kuwa na konokono maishani mwangu. Nikachungulia ng'ambo: kabichi za Fundi Saa, ambazo juzi tu zilikuwa kama chekeche, zinatoa majani mapya yasiyo na hata tundu. Sihitaji kuchorewa ramani. Mtu huyu ananirushia konokono.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemkabili mlangoni kwake. Kakana, tena kwa ule upole wake unaokera. Eti konokono wanapenda mno marigoldi, wamevutwa na harufu wakahama wenyewe. Kisha akanishukuru. Nimekosa usingizi wa mchana kwa hasira. Kinachotakiwa sasa ni ushahidi.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua ilinyesha alfajiri. Kulipopambazuka nikavuka ukuta na kichupa cha rangi ya kucha cha mke wangu, nyekundu, nikawatia konokono wa Fundi Saa doa mgongoni mmoja mmoja. Kumi na mmoja. Ni kazi ya subira. Ukimgusa anajivuta ndani na huwezi kumgombeza. Wakati wa kurudi niliteleza kwenye kabichi, nikafika nyumbani na ndala moja. La muhimu, hakuna aliyeniona.

Jumamosi, 8 Machi

Wote kumi na mmoja wako kwangu na madoa yao! Nikawaita mke wangu, mama mkwe na Fundi Saa, nikaeleza kesi hatua kwa hatua, nikiwa na konokono kiganjani.

Fundi Saa alisikiliza hadi mwisho. Kisha akatoa ndala yangu kwenye mfuko wa plastiki, akasema ameifuta matope. Mke wangu hakuijali ndala. Alimtazama konokono kwa muda mrefu, akauliza rangi hiyo nimeitoa wapi. Hakuna hata mmoja aliyezungumzia kosa lenyewe! Mama mkwe alihesabu nyanya zilizobaki, akapata mbili, akaenda kutafuta jembe.

Jumapili, 9 Machi

Tuta limekwenda. Vitunguu vimekwisha pandwa, mistari imenyooka. Nilitaka kumshauri mama mkwe kuhusu nafasi kati ya mche na mche, akaniomba, kwa heshima zote, nikae mbali. Nimeachiwa ukanda wa futi mbili chini ya ukuta, pasipomea kitu. Niliketi kibarazani na uchungu wa kweli.

Saa kumi jioni Fundi Saa akapiga hodi. Amebeba miche arobaini ya marigoldi, kainunua mwenyewe, ananipa bure. Akasema ukanda ule ungependeza sana ukijaa maua, na nisihangaike na maji, atanyunyizia yeye kutoka upande wake.

Kwa hiyo amekiri. Mtu hatoi miche arobaini kama dhamiri haimsuti. Mke wangu alicheka mpaka akalazimika kuketi. Ni furaha ya kuona mumewe ameombwa radhi. Sina kinyongo. Nimempa Fundi Saa mkono, nimemsamehe, nimepanda yote arobaini kabla ya giza, na nimemruhusu alete mingine.