Nilivyowaonyesha Wageni Zuhura

Wadau, leo sura yangu imechafuka mbele za watu na hakuna sabuni ya kuiosha. Naandika nikiwa hemani, nimejifunika blanketi hadi kichwani ingawa huku ziwani ni joto. Nje bado wanacheka. Nawasikia.

Kwa wasionifahamu (sijui mlikuwa wapi): mimi ni mtoto wa Namswea, huko juu Mbinga, mtoto wa kahawa na mahindi. Niliondoka nyumbani na mfuko mmoja wa nailoni. Nimerudi na stashahada ya uongozaji watalii. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Miaka minane nimeongoza wageni kule kaskazini, na nyota nimejifundisha mwenyewe, nimelala chali juu ya paa la gari wakati wenzangu wanakoroma. Darubini nimeinunua kwa jasho langu: bomba jeupe, nene, refu kama mtoto wa darasa la tano. Wakati narudi nyumbani niliikatia tiketi na kiti chake kwenye basi. Dirishani. (Mimi nilikaa upande wa njia.)

Msimu huu wa kiangazi hifadhi moja ya huku ufukweni mwa Nyasa imefungua kambi ya kutazama nyota. Hapa hakuna taa za mji, giza ni giza kweli, na nyota zinashuka mpaka unahisi ukinyoosha mkono utachuma. Wakatafuta mwalimu wa anga. Wakanipata. Walibahatika.

Ila kulikuwa na sharti. Wiki mbili za majaribio kwanza, ndipo mkuu wa kambi aamue kama nibaki msimu mzima. Mkuu wa kambi tunamwita Afande, mama mmoja mhifadhi mwenye maneno machache, ambaye hata akifurahi inabidi umuulize. Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya majaribio. Na mama yangu mzazi, bila kusubiri matokeo, alikuwa ameshatangaza jumuiyani kwamba mwanawe ni "mkuu wa nyota wa mkoa". Kwa hiyo mnaelewa. Nikikosa kazi hii, Namswea sirudi.

Tena majaribio yenyewe hayakunipendelea. Wiki ya kwanza mwezi ulikuwa mkubwa, umemeza nyota zote. Wiki ya pili ukavuma mwera, upepo wa kusini, ziwa likachafuka, vumbi likatanda, tukala chakula chenye mchanga. Nilifundisha kwa kuchora ukutani.

Leo sasa, ndugu zangu! Upepo ukatulia. Mwezi ulikuwa haujachomoza. Jua likazama nyuma ya milima ya Malawi, ng'ambo ya ziwa, na maji yakawa laini kama mafuta kwenye bakuli. Anga ikawa ya zambarau, halafu ya moshi, halafu Zuhura ikatokeza peke yake juu ya milima ile, nyeupe, tulivu, kana kwamba imekaa tu inanisubiri. Nikaielekezea darubini. Nikachungulia. Ilikuwa kama kimwezi kidogo kinachoelea katika usingizi wa mtu. Nilisahau hata mbu.

Nikajisemea: leo nimemaliza kazi.

Saa moja wageni wakafika. Walimu wanane wa sekondari kutoka Songea, kila mmoja na daftari lake. Afande akakaa nyuma yao, mikono kifuani. Nikawakalisha kwenye viti, migongo ikiwa ziwani ili wasiione Zuhura kabla ya wakati wake. Nikaanza kujitambulisha.

Nilipanga dakika kumi. Nilizungumza dakika hamsini. (Historia yangu ina sehemu nyingi.) Afande alikohoa mara mbili. Nilidhani ni vumbi.

"Na sasa," nikasema hatimaye, "geukeni mtazame magharibi!"

Wakageuka. Hata mimi nilishangaa. Giza lilikuwa limekamilika. Ziwa na mbingu vilikuwa kitu kimoja, hujui maji yanaishia wapi na anga inaanzia wapi. Na pale pale magharibi, chini kidogo ya nilipoiacha, Zuhura ilikuwa inaning'inia, inang'aa kuliko nyota zote. Ile "chini kidogo" ilinifurahisha sana, kwa sababu sayari ya jioni hushuka kadiri muda unavyokwenda. Hata Zuhura ilikuwa inafuata ratiba yangu.

Nikaizungusha darubini, nikalenga kwa jicho tupu, nikasogea pembeni. Sikuchungulia. (Dereva mzoefu haangalii gia.)

Wa kwanza alikuwa mwalimu wa jiografia, kijana mwenye miwani.

"Mbona inatikisika?"

"Hewa," nikamjibu. "Joto la mchana linapanda."

"Lakini inapanda na kushuka."

"Ndiyo hewa yenyewe."

Akaandika. Akafuata mama mmoja mwalimu wa hesabu. "Mimi naona kama ina kitu cheusi ubavuni."

"Hicho ni kivuli, mwalimu. Zuhura ina upande wa mchana na upande wa usiku."

Naye akaandika. Wote wanane waliandika! Nikawaeleza kwamba mwanga ule umesafiri mamilioni ya kilometa kuja kuwaamkia. Nikawaeleza kwamba tangu dunia iumbwe haujawahi kuguswa na mkono wa binadamu. Sauti yangu ilikuwa ya chini, ya taratibu, kama ya padri kwenye mkesha. Mwalimu mmoja alifuta chozi. Nikamtupia jicho Afande. Alikuwa ameachia mikono yake. Kwa Afande, hayo ni makofi.

Hapo ndipo akaja Bibi Edita na birika la chai.

Bibi Edita ndiye anayetupikia kambini. Amezaliwa ufukweni hapa hapa, ana kilemba cha kitenge na mdomo usiolipiwa kodi.

"Na mimi nichungulie," akasema.

"Karibu, Bibi yangu," nikamwambia, kwa ile sauti ya kumsaidia mtu kuvuka barabara. "Ila usiogope. Hiyo unayoiona ni dunia nyingine."

Akaweka birika chini. Akainama. Akaziba jicho moja kwa kiganja.

"Kuna mtu," akasema.

Walimu wakacheka. Nikacheka nao, kwa upole. "Bibi, Zuhura haina mtu. Kule kuna joto la kuyeyusha risasi."

"Joto lenu mnalijua wenyewe. Mimi namwona mtu. Miguu juu, kichwa chini, anavuta nyavu."

(Nisimame hapa niseme jambo. Darubini ya aina yangu hupindua picha, juu inakuwa chini. Kwa nyota haina neno, nyota haina kichwa wala miguu. Hili nalijua. Nimelifundisha. Nina stashahada. Bado halikunigonga.)

"Macho ya wazee yanahitaji heshima," nikawaambia walimu. "Wakati mwingine yanaona tunachokipenda."

"Amevaa fulana ya mistari," Bibi Edita akaendelea, jicho lake likiwa palepale. "Ya bluu. Mwe! Si ndiyo niliyomfulia jana? Huyu ni Wilfredi!"

"Wilfredi ni nani?" Afande akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza jioni nzima.

"Mwanangu wa mwisho, Afande."

Ndugu zangu, hapo ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema "hebu nione". Lakini kifua kilikuwa kimejaa. Nikasimama wima, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni:

"Bibi Edita, kwa heshima zote, mwanao hayuko Zuhura."

Bibi akaniangalia. Hakukasirika. Akafungua pindo la kitenge, akatoa kisimu kidogo cha vitufe, akabonyeza, akaweka sauti ya wote kusikia.

"Wilfredi."

"Naam, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Ziwani, mama. Hapa mbele ya mawe ya kambi. Usipa ndio kwanza wanakusanyika." (Usipa ni dagaa wa huku ziwani.)

"Hebu zima taa kidogo."

"Mama! Watatawanyika!"

"Zima, nimesema. Kuna mtu wa milimani hapa anabisha."

Zuhura ikazimika.

Nirudie? Zuhura, sayari ya pili kutoka kwenye jua, ikazimika. Palibaki giza tupu na mdudu mmoja analia kwenye majani. Nilitamani lile giza liendelee mpaka kiama.

"Washa," akasema Bibi.

Ikawaka.

Kicheko kilichofuata sijui nikielezeje. Mwalimu wa jiografia alikaa chini mavumbini. Yule mama wa hesabu alimkumbatia mtu asiyemjua. Na simu ilikuwa bado hewani!

"Mama," sauti ya Wilfredi ikauliza, "huyo anayebisha, anabisha nini?"

"Anasema wewe ni sayari."

Unasikia maji yanapiga ubavu wa mtumbwi.

"Mwambie asante."

Wakaanza kucheka upya. Na kana kwamba hiyo haitoshi, kutoka upande wa Lituhi taa nyingine ikawaka. Halafu mbili. Halafu tano, kumi, mpaka ziwa lote likawa na mbingu yake, imelala chini ya ile nyingine, inapumua polepole. Ilikuwa nzuri kuliko chochote nilichowahi kukionyesha. Ningeifurahia sana kama ningekuwa mtu mwingine.

"Mwalimu," akaniita yule wa jiografia, "na zile ni kundi gani la nyota?"

"Msimwonee," Bibi Edita akasema, akimimina chai. "Yeye wa kahawa, atajuaje? Usipa wanafuata taa, na taa inataka giza. Mwezi ukiwa mkubwa hakuna anayetoka. Mwera ukivuma hakuna anayetoka. Amekaa hapa wiki mbili hajaona mtu ziwani. Leo giza limekuja na maji yametulia, basi wametoka."

Yaani usiku wangu bora ndio usiku wao bora. Hilo halikuwepo kwenye stashahada.

Nikasikia karatasi zinachanwa. Walimu walikuwa wanaondoa kurasa.

Afande akasimama. "Zuhura yenyewe iko wapi?"

"Imezama, Afande."

"Saa ngapi?"

"Wakati najitambulisha."

Akachukua kofia yake kwenye kiti. Nikaona kazi inaondoka. Nikamwona mama yangu anasimama jumuiyani kusahihisha tangazo. Nikasema, "Afande, nakuomba dakika tano." Sauti ilitoka nyembamba, sikuitambua.

Nikaikumbatia darubini, nikaigeuzia mashariki, juu ya milima ya kwetu Umatengo. Kule hakuna mtumbwi. Safari hii nilichungulia. Nikachungulia mara ya pili. Mara ya tatu niliinua kichwa kuhakikisha niliyoilenga haikuwa imeshikwa na mtu. Kisha nikamwita Bibi Edita awe wa kwanza. Sikumwambia ni nini. Sikumwambia chochote.

Akainama.

"Ina pete," akasema.

"Ndiyo, Bibi. Inaitwa Zohali."

"Mpigieni simu kwanza!" akadakia mwalimu wa jiografia, na watu wakaanza tena. Lakini Bibi hakucheka. Alinyoosha mkono nyuma kuwanyamazisha, kama mtu anayesikiliza mtoto analala. Wakanyamaza kweli. Chai yake ikapoa. Mimi nilikaa pembeni namtazama mtu anayeitazama, na nikakumbuka usiku wangu wa kwanza juu ya paa la gari, kabla sijawa na lolote la kujivunia.

"Wilfredi hajawahi kuiona hii," akasema taratibu, jicho likiwa bado kiooni. "Na kila usiku wa kazi yuko chini yake."

Walimu wakapanga foleni. Hakuna aliyeandika. Afande akawa wa mwisho. Alikaa pale muda mrefu kuliko wote, na alipoinuka alivaa kofia yake vizuri, akanisogelea.

"Mkataba nitasaini kesho asubuhi. Msimu mzima."

"Ahsante sana, Afande, kwa kweli mimi katika safari yangu ya..."

"Utangulizi dakika tano."

"Ndiyo, Afande."

"Na darubini haielekezwi ziwani mpaka Bibi Edita akague."

Ndiyo hivyo, wadau. Mwenye stashahada nimepewa msimamizi mwenye birika. Mama amepiga simu, nimemwambia kwa kifupi: "Nimepata." Ameanza kushukuru, nikasema mtandao ni mbovu, nikakata. (Mtandao ni mzuri sana. Jioni hii nimeuchukia kwa sababu hiyo hiyo.)

Tatizo lililobaki ni moja. Ile taa ilipozimwa, usipa walitawanyika kweli. Wilfredi amerudi mapema na nusu beseni, na sasa hivi yuko hapo nje, amevaa fulana yake ya mistari, wanampokea kwa vifijo na kumwamkia.

Kwa hiyo wenye kucheka chekeni haraka, mmalize nikiwa bado humu ndani. Nikitoka nina sayari ya kuiomba radhi.