Kutu ya Wifi Yangu

Jumatatu, tarehe 6 Mei
Mwanangu amekuja na sura ya mgambo. Eti Jumamosi mjukuu wangu anatoka hospitali na kichanga, chumba cha pili kinatakiwa. Taipureta zangu saba ziondoke, la sivyo atazipandisha mkokoteni wa vyuma chakavu. Chakavu! Mashine zilizoandika barua za mabosi! Nimemwambia kitukuu hata meno hana, chumba cha nini? Ameguna tu. Mkewe amecheka jikoni. Nimemsikia.

Sikukaa bure. Yupo bwana anayetafuta taipureta za kale za maonyesho kwenye ukumbi wa posta ya zamani. Jina la mwenye mashine linaandikwa chini yake. Atapita Alhamisi. Akichagua yangu hata moja, tuone nani atathubutu kuita mkokoteni.

Jumanne, tarehe 7 Mei
Ubaya huo! Wifi naye kajiandikisha. Anayo moja tu, ya marehemu mume wangu. Alipiga nayo kazi ofisini mpaka akastaafu nayo. Akampa nani? Dada yake! Alisema mimi ningeifanyia nini, na shule ilinishinda darasa la pili. Mungu amrehemu, lakini hapo alikosea. Ndiyo maana nilianza kununua. Wifi moja, mimi saba.

Nimekwenda kuichungulia. Chafu! Kutu, vumbi, utepe umekauka kama mjusi aliyebanwa na mlango. Nimerudi nacheka peke yangu njiani. Nikachukua msasa na rangi ya geti iliyobaki. Nimesugua zangu zote, nikazipaka. Yale maandishi ya dhahabu usoni yalikuwa yamefifia, nikayaondoa kabisa. Sasa ni kijani tupu, zinang'aa. Mwanamke usafi.

Jumatano, tarehe 8 Mei
Wifi amepita eti kunisalimia. Wifi na salamu wapi na wapi! Amekuja kupeleleza. Kaziona, kashika kichwa. “Wifi yangu, umeziua! Ya kale ni dhahabu, wewe umeyapaka rangi ya geti!” Nimemjibu asigeuze uvivu wake kuwa elimu. Alipoondoka nikamuuliza fundi redio. Kasema ni kweli, wapenda vya kale wanataka ukale wake. Kumbe hata mdomo wa wifi una siku zake! Lakini si kosa langu. Nani anapokea mgeni na vitu vichafu?

Kutu nayo ni kitu cha kunishinda mimi? Nimekwangua rangi, nikakoroga maji ya chumvi na majivu, nikazimwagia zote, nikazianika zishike kutu.

Alhamisi, tarehe 9 Mei
Bwana wa maonyesho amekuja. Bwana gani, mtoto wa juzi na miwani. Kabonyeza kitufe, hakikurudi. Kabonyeza kingine, kikabaki mkononi mwake. Akaniuliza kwa adabu zilizama na meli gani. Nikamwambia ni za kale mno. Akasema za kale hazinuki rangi. Mkwe wangu akakimbilia uani kucheka.

Nilimfuata mpaka kwa wifi. Kaijaribu ile yake. Mlio ni uleule, niliokuwa nikiusikia nikimpelekea mume wangu chakula ofisini. Nilikuwa nasimama koridoni na bakuli. Hakuniambia “kaa” hata siku moja. Kijana kaibeba kwa mikono miwili, kama amepokea mtoto.

Leo siandiki zaidi.

Ijumaa, tarehe 10 Mei
Wifi amerudi. Safari hii hakushika kichwa. Kasema mashine ni ya kaka yake lakini mume alikuwa wangu, basi yaandikwe majina yetu yote mawili. Nikamuuliza la nani litakuwa juu. Lake, maana ndiye aliyepewa. Ningekubali! Lakini kalisema huku amenishika mkono kwa huruma, na huruma ya wifi haimezeki. Nikamwambia langu juu au basi. Akasema, “Basi, wifi.” Akaenda zake.

Nimeshinda. Macho yanatoka machozi. Ni ile rangi.

Jumamosi, tarehe 11 Mei
Mkokoteni umekuja. Saba zote. Mnunua chakavu amezirusha kama viazi. Mwanangu hakunitazama usoni.

Mchana kitukuu ameingia. Marehemu mtupu, mdomo umebana vilevile. Amenishika kidole, hataki kuachia. Nimemwambia chumba nimempa kwa hiari yangu, asije akasikia mengine kwa watu.

Jumatatu, tarehe 13 Mei
Nimewaaga kuwa naenda kliniki. Nikaenda kwa mnunua chakavu. Alitaka kunirudishia zile zangu, nikakataa, mikosi mitupu. Pembeni palikuwa na nyingine. Kubwa, nyeusi, ya ofisini hasa. Ile ya wifi mbele yake ni mtoto! Nimeileta ndani ya beseni, juu nikafunika nepi. Mkwe wangu kanisifu, eti mama siku hizi unatusaidia kufua.

Nimeisukuma uvunguni mwa kitanda cha mjukuu. Nimepima, zinaenea nne. Na mwanangu mgongo unamsumbua, hainami.