Vita vya Nyanzobe na Namba ya Dakika Mbili

Tegeni masikio, enyi mnywao maji bila kuomba ruhusa. Aliye na chungu jikoni akiepue, kwa maana nasimulia vita vya Nyanzobe binti Mabula, Mbeba Ndoo, Mkwe wa Masumbuko, aliyepigana na bomba huko Ivuna mwaka wa elfu mbili na kumi na nne, akalishinda.

Bomba hilo lilikuwa la mradi, nao mradi uliliwekea mlinzi: kidude cha kuhisi maji, chenye jicho jekundu, kipimacho kina cha kisima na kumnyima kila asiyejitambulisha. Ukikibonyeza, hutuma namba ya siri kwenye simu ya mkuu wa kaya; namba huishi dakika mbili, kisha hufa. Na mkuu wa kaya ni Mzee Masumbuko, simba wa kigoda, akaaye ng'ambo ya zizi na simu isiyoachana naye, ambaye kati ya Wasukuma wote waliohamia bonde la Momba hakuna amzidiye kwa kupenda salamu.

Siku hiyo ndama wa Nyanzobe, mali yake pekee duniani, alikuwa amelala kwa kiu, hanyanyuki. Nyanzobe akabonyeza, akafunga kibwebwe, akatimua vumbi hata majeshi ya inzi yakampisha. Akapiga magoti kama impasavyo mkwe.

"Mwadila, baba," akasalimu kwa Kisukuma. "Naomba namba."

Simu ikalia, mzee akaitia mfukoni. "Mwadila, mwanangu. Nyumbani mhola, kwema?"

"Mhola, baba."

"Ng'ombe nao mhola?"

Angesema nini, na salamu hazijaisha? "Mhola," akajibu, na moyo ukamuuma.

Salamu zilipofika kwenye habari za mvua, namba ilikuwa maiti. Akarudi, akabonyeza, akakimbia tena. Na kwa kuwa kila ujio una salamu zake, namba ya pili ikafia kwenye mahindi. Kidude kikaandika kiooni: imebaki mara moja, ikikosewa bomba litafungwa mpaka fundi aje kutoka Tunduma.

Safari hii Nyanzobe hakubonyeza. Akaenda polepole, akapiga magoti, akasalimia kuanzia mvua hadi mashangazi waliobaki Magu.

"Namba huitaki?" mzee akauliza.

"Kwanza nimekuja kukujulia hali, baba."

Masumbuko akanena: "Binti Mabula, tangu kidude hiki kije, watu hunijia wakihema kama mbwa wa mawindo, wakaondoka na tarakimu, uso wangu hawajautazama. Mmenifanya bomba la pili."

Nyanzobe akaona haya, maana ilikuwa kweli.

Mzee akainuka, akashika mkongojo, akaandamana naye hadi bombani. "Bonyeza." Simu ikalia. Akaisoma kwa sauti ya kutangaza vita: "Nne. Tisa. Sifuri. Nne." Jicho likageuka kijani, bomba likakohoa, maji yakatoka. Nyanzobe akakinga kikombe cha kwanza, akampa mzee kwa mikono miwili.

Akakikataa. "Mpe ndama. Sisi tumeshasalimiana."

Basi na ikumbukwe katika tarehe za falme zote zilizoinuka na kuanguka, kwamba huko Ivuna ndama mmoja alikunywa akashiba, akasimama, na bomba likafungwa vizuri kwa mkono, tone lisipotee.