Programu Mama na Meza ya Dirishani

Jumatatu, 3 Julai 2006
Ukungu umeshuka kutoka Ngorongoro hadi barabarani. Nimeuchungulia juu ya bega la Godson, mwenzangu wa kompyuta hapa ofisini, maana dirisha ni lake. Haki iko wapi! Mwaka mzima kakaa pale na hajawahi kutazama nje.

Leo Mama Bertha, mwenye kampuni yetu ya watalii, katangaza kwamba wageni wa Jumamosi watatafutiwa vyumba kwa kompyuta, si kwa simu. Kila hoteli sasa ina mlango wake kwenye mtandao: programu inauliza chumba, inajibiwa. Atakayeandika programu nzuri kuliko mwenzake atakaa dirishani msimu wote. Nikaanza kulipima dirisha kwa macho. Godson kaguna tu.

Jumanne, 4 Julai
Godson anaandika programu ya hoteli hii, kisha ya hoteli ile, kila moja kuanzia mwanzo. Maskini! Anajenga jiko jipya kila akitaka chai.

Mimi nimeota kubwa zaidi. Nitaandika Programu Mama. Mambo yote ya pamoja, kufika mlangoni, kuuliza, kusubiri jibu, atayajua Mama. Kila hoteli itapata mtoto wake, mistari michache tu, mengine amerithi kwa mama yake. Nikawa nawaona watoto wangu wakipanda mlima ndani ya ukungu, wameshikana mikono. Chai ikapoa. Sijaandika kitu, ila siku imekwenda vizuri sana.

Jumatano, 5 Julai
Mama amezaliwa! Nimempa malezi ya kwetu Endabash. Kwetu huingii kwa jirani ukaomba chumvi bila kusalimia. Usipoitikiwa, unasalimia tena, mpaka uitikiwe. Basi wanawe nao watatanguliza salamu, na wakishaitikiwa ndipo waulize chumba.

Godson kauliza kama kompyuta za hoteli zinajua kuitikia. Nimemjibu kwamba asiyeitikia salamu hakulelewa. Kacheka! Huyu kaka wa Machame ana haraka mno. Nimemjaribu Mama kwenye kompyuta yangu, niliyoifundisha kuitikia. Kasalimia, kaitikiwa. Nusura nilie.

Ijumaa, 7 Julai
Sabasaba, ofisi tupu. Nimekalia kiti cha Godson mpaka mchana. Msitu unatokea, unapotea, unatokea. Sijui nilikuwa macho au usingizini. Nimeacha kikombe changu mezani pake, kizoee.

Jumamosi, 8 Julai
Balaa! Mama Bertha kasema tuanze na yangu, kwa kuwa niliieleza vizuri. Watoto wakatoka alfajiri. Wakasalimia. Kimya. Wakasalimia tena. Na tena. Saa nne meneja wa hoteli ya kule ukingoni mwa kreta kapiga simu, anauliza ni nani huyu anamsalimia tangu kupambazuke, mbona hasemi shida yake? Akaifungia kampuni yetu mlango. Wenzake nao wakafunga.

Nikamkanya mtoto mmoja. Bure, tabia ni ya Mama. Nilipomfikia Mama, hata programu za Godson zilikuwa zimefungiwa nje.

Wageni, wazee wa Kiholanzi, wamelala sebuleni kwa Mama Bertha, kwenye magodoro ya kambi. Mama Bertha hakufoka. Kasema mwanangu Sylvesta, kwenu wamekulea vizuri kweli, ila kuanzia Jumatatu utakaa stoo.

Jumapili, 9 Julai
Kanisani mchungaji kasalimia mara moja tu, usharika mzima ukaitikia. Nimeona uchungu.

Jumatatu, 10 Julai
Stoo. Mahema, mitungi ya gesi, harufu ya turubai. Dirisha hakuna. Godson kaja kuniambia kwa upole kwamba hoteli zimemfungulia, na kwamba niifute ile salamu tu, mengine ya Mama ni mazuri. Nimemshukuru. Alipoondoka imeniuma, nasema kweli. Nilikuwa nautaka ule ukungu.

Nimelala chali juu ya hema nikitazama bati, na hapo nikaona kosa liko wapi. Maskini Mama! Alikuwa peke yake, hakuwa na wa kumfunda. Naandika Programu Bibi. Mama atarithi kwa Bibi, watoto kwa Mama. Na Bibi ni mtu mzima, hatosheki na salamu tupu. Ataanza na habari za mvua, za mifugo, za wagonjwa, ndipo chumba.

Nimemtumia Godson ujumbe asikiondoe kikombe changu pale dirishani.