Uzamili kwa Njia ya Mkato

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamua. Naomba nafasi ya shahada ya uzamili, filamu na vyombo vya habari. Miaka saba nimehariri video za harusi katika studio ya Bosi. Miaka saba nimekata maharusi wanaopiga chafya na wajomba wanaosinzia. Kipaji kama changu kinaozea kwenye keki. Imetosha!

Chuo kinachukua watu kumi na wawili tu. Wanataka barua tatu za mapendekezo, maelezo ya maneno elfu moja kuhusu nia ya mwombaji, na filamu ya dakika kumi. Mwisho ni Ijumaa tarehe 14, saa kumi kamili jioni. Siku kumi na moja. Muda tele, na wa kupumzika upo.

Kasoro ni moja: Miwani naye anaomba. Huyu ni fundi sauti wetu, binti mpole, na mimi ndiye niliyemfundisha kushika maiki. (Alikuwa anajua. Nilimsahihisha mkao.) Leo ananiambia, huku akifuta miwani kwa pindo la shati, kwamba filamu yake inakaribia kuisha. Inahusu nini? Watu wanaosubiri kupigwa picha za pasipoti! Basi, hakuna zaidi. Wanakaa kwenye kigoda, wanatengeneza nywele, hawajui watazame wapi. Nikacheka kwa upole, kama mtu aliyesoma.

Jioni nikamwambia shangazi. Hapo ulimi ukateleza. Nilitaka kusema "naomba", ikatoka "nimekubaliwa". Shangazi akaacha cherehani, akanikumbatia na utepe wa kupimia ungali shingoni. Amenilea tangu darasa la pili. Nimkatize furaha? Huo ni ukatili. Isitoshe, si uongo. Ni ukweli uliowahi kufika.

Jumanne, 4 Machi

Barua. Ya kwanza, ya Bosi, nimeiandika mwenyewe. Humo mimi ni nguzo, mhimili na paa la tasnia. Bosi akauliza swali moja tu, kama ninaomba likizo. Nikasema la. Akasaini.

Ya pili ni ya mkodisha spika, mtaalamu wa tasnia. Anathibitisha kwamba tumefanya kazi kwa ukaribu. Ni kweli. Huwa nasimama kando ya spika zake, na sikio la kushoto ni shahidi.

Ya tatu lazima itoke kwa mhadhiri aliyenifundisha shahada ya kwanza. Nikamfuata ofisini. Akanitazama juu mpaka chini, kisha akanionyesha dirisha na kusema bawaba ya chini ndiyo iliyolegea. Ilinichukua dakika kumi kumweleza kwamba mimi si seremala. Akasema hanikumbuki, lakini niandike rasimu niilete kesho. (Bawaba nimeikaza. Ilikuwa imelegea kweli.)

Jumatano, 5 Machi

Mhadhiri ameipokea barua yangu ya mapendekezo. Akatoa kalamu nyekundu. Akasema sentensi ya kwanza ina vivumishi tisa na haina kitenzi. Mwisho akaandika alama: 41. Halafu akasaini chini yake! Sasa nina barua inayonisifu mno, na imefeli.

Lililonichoma zaidi alilisema nikiwa mlangoni. Alisema wiki jana alikuja binti wa miwani, na barua ya yule yeye mhadhiri aliiandika kwa mkono wake. Kurasa mbili! Kwa hiari!

Damu ikanichemka. Kutoka pale hadi studio nilikuwa na mpango kamili. Nikamfuata Miwani kwa uso wa huzuni, nikamwambia chuo kimerudisha mwisho nyuma, sasa ni keshokutwa, Ijumaa tarehe 7. Akakimbilia tangazo la chuo kwenye ubao wa studio. Lo, sehemu ya chini yenye tarehe imechanika! (Ninayo mfukoni.) Filamu yake haijakamilika. Akituma mbichi hivyo, imekula kwake.

Akanishukuru kwa kumjulisha. Akanishukuru, jamani! Nikamwambia sisi ni familia.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimepiga filamu yangu. Jina: Machozi ya Cherehani. Mhusika: shangazi. Maudhui: mateso ya mshonaji. Majaji wanapenda mateso, kila mtu anajua.

Tatizo, shangazi hateseki. Ana oda ya sare za shule nzima, redio inaimba, naye anacheka kila baada ya dakika mbili. Nikamwomba atazame nje ya dirisha kama mtu aliyekata tamaa. Akatazama, akamwona jirani, wakazungumza dakika ishirini. Nikamwomba alie.

"Nilie nini, baba," akaniuliza, "na mwanangu anakwenda uzamili?"

Nikaacha kuomba machozi.

Nikamwaga maji sakafuni ili ionekane paa linavuja. Hapo akasimama! Akanijia na ufagio. "Paa langu halivuji! Nililiezeka mimi mwenyewe, marehemu baba yako akinishikia ngazi, siku hiyo hata wewe hujazaliwa!" Kamera ilikuwa inaendelea. Hasara ya nafasi kwenye kadi.

Mwisho nikamletea kitunguu akikate karibu na macho. Akakikata, akakikaanga. Aliyelia ni mimi.

Jumamosi, 8 Machi

Miwani ametuma jana. Leo amekuja kwenye meza yangu na habari mbili. Ya kwanza: tovuti ya chuo inatambaa kama konokono, filamu yake imechukua saa nzima kupanda. Ya pili: alipoifungua aliona tarehe bado ni ile ile ya 14. Lakini hakukasirika! Alisema bila shaka kuna mtu amenidanganya, pole sana. Alikuwa ameshamaliza, basi akatuma.

Kisha akainama na kuniambia kwa sauti ya chini, kwa jina langu la studioni: "Mwongozaji, usisubiri siku ya mwisho. Wote watatuma siku hiyo."

Aha! Nimemshtukia. Ametuma kazi ya haraka, sasa anataka na mimi nikimbie. Mjanja kiasi gani mtu huyu! Nimeapa sitatuma hata sekunde moja kabla ya tarehe 14.

Jumatano, 12 Machi

Uhariri unakwenda vizuri. Nimeondoa rangi zote. Nimepunguza kasi ya kila kitu, sasa shangazi anapotia uzi kwenye sindano inachukua dakika tatu. Kicheko chake nimekigeuza nyuma mbele, kinasikika kama kwikwi. Huo ndio ubunifu.

Miwani amejitolea kunisafishia sauti saa ya chakula. Nimemruhusu, ila nimefunika kioo cha kompyuta kwa gazeti asije akaiba picha. Alisikiliza na vipokea sauti masikioni, mara akaanza kutabasamu. Akasema ile sehemu ya paa na ngazi ndiyo roho ya filamu, nisiiguse. Nikasema asante. Alipoondoka nikaikata yote.

Maelezo ya nia: nimeandika maneno mia tisa na arobaini na bado sijazaliwa. Nitabana.

Shangazi ananishonea suti ya siku ya kwanza chuoni. Koti tayari, rangi ya kijivu, linanikaa kama ngozi. Amelishona usiku na mchana katikati ya sare za watu. Mtaa mzima una habari. Leo muuza nyama ameniita Profesa, akauliza kama nitawakumbuka. Nikamwahidi kwamba nitawakumbuka.

Ijumaa, 14 Machi

Siku ya kutuma.

Asubuhi nilipumzika. Mtu mwenye uhakika hakimbii. Saa saba nikafungua fomu. Ukurasa wa kwanza kabisa: ambatisha picha ya pasipoti. Sina! Miaka saba studioni na sina picha yangu mwenyewe. Nikakimbilia kazini. Miwani akaniweka kwenye kigoda. Nikatengeneza nywele. Sikujua nitazame wapi. Nikaichukia filamu yake mara mbili.

Saa nane na nusu, nyumbani tena. Mlango wa chumba nikaufunga, nikaona waya haufiki, nikaufungua. Nyumba yetu ina tundu moja la umeme, liko sebuleni karibu na cherehani, na laptopi yangu betri yake ilikufa mwaka juzi. Nikakaa chini sakafuni. Nikapakia barua. Nikapakia maelezo ya nia. Saa tisa kasorobo filamu ikaanza kupanda.

Asilimia tano. Asilimia kumi na moja. Kila mwombaji wa nchi nzima alikuwa humo ndani akisukumana. Saa tisa na nusu, asilimia hamsini na nane. Jasho. Saa kumi kasoro dakika sita, tisini na tatu! Nikainuka kwenda kunywa maji, koo lilikuwa limekauka kama jivu. Hatua nane hadi jikoni. Hatua nane kurudi.

Kioo cheusi.

Shangazi amesimama juu ya laptopi, pasi mkononi, waya wake umechomekwa kwenye tundu. Anapiga pasi suruali ya suti. Akaiinua juu nione, uso wote unang'aa.

"Tazama mstari ulivyonyooka," akasema.

Nikautazama. Ulikuwa umenyooka kweli.

Laptopi ilipowaka tena ilikuwa saa kumi na dakika nne. Maombi yamefungwa. Chuo kinanishukuru kwa nia yangu njema.

Jumapili, 16 Machi

Siku mbili nimelala nikidai homa. Shangazi ameniletea uji mara sita. Leo mchana akaniambia majirani wanataka kuja kuniaga, niwatajie tarehe masomo yanapoanza.

Ningeweza kusema Septemba. Nilikuwa na Septemba kwenye ncha ya ulimi. Lakini alikuwa ameshika suti kwenye kiango chake, amekwishaifunika na mfuko ili vumbi lisiingie. Nikamwambia. Yote: kwamba sikukubaliwa, kwamba Ijumaa ile ndiyo nilikuwa natuma maombi, kwamba pasi yake ilichomoa uzamili wangu.

Akazima redio. Sikumbuki lini redio ile ilizimwa mchana.

"Ungeniambia kuna kitu unatuma," akasema, "pasi ningeipeleka kwa jirani."

Nikautazama mfuko wa suti.

"Mimi sikutaka Profesa. Mtu anaomba kazi, anakosa, anaomba tena. Hilo ningewaambia watu bila aibu. Sasa nitawaambia nini?"

Akageukia dirisha. Hakuna jirani aliyepita. Alikaa hivyo, mikono mapajani, mwanga ukimpiga upande mmoja wa uso, na sikuwahi kumwona na uso ule tangu nimjue. Hapo hapo nikatambua: ndiyo picha niliyoitafuta wiki nzima! Kamera iko chumbani. Nikajiambia, mtu mwenye haya hawezi kwenda kuichukua.

Nikaenda kuichukua. Akanitupia mto wa pini. Zilikuwemo.

Baadaye alinitoa pini mbili begani, akapaka dawa, akaniambia nile. Redio ikawashwa saa kumi na mbili. Nimelitafakari jambo hili kwa kina na funzo nimelipata: nyumba hii inahitaji tundu la pili la umeme. Kesho namwita fundi.

Jumatatu, 14 Aprili

Miwani amechukuliwa. Mmoja kati ya kumi na wawili. Alileta biskuti studioni na Bosi akataka tuitazame hiyo filamu, wote, kwenye skrini kubwa ya kuonyeshea harusi.

Dakika kumi za watu kwenye kigoda. Mzee mmoja anafunga kifungo cha juu, anakifungua, anakifunga. Mama anamfuta mtoto uso kwa mate. Bosi alilia, akasingizia vumbi. Mimi sikulia. Nilikuwa na mafua kidogo. Mwishoni, kwenye shukrani, imeandikwa: kwa Mwongozaji, aliyenihimiza. Jumamosi ile ile niliyofikiri ananihujumu, kumbe alikuwa ananionea huruma tu.

Akanivuta pembeni. Akasema mwakani chuo kinafungua tena, yuko tayari kunisomea maelezo ya nia. Akasema nimwombe shangazi vizuri anisimulie habari ya paa na ngazi mbele ya kamera, nisimwambie akae vipi, nimsikilize tu. Maneno ya busara. Nilimshukuru kutoka moyoni.

Halafu nikapiga hesabu. Miwani amekubaliwa. Nani alimhimiza? Mimi, na imeandikwa. Ikiwa kwa nia mbaya na maneno mawili tu nimemwingiza mtu kwenye nafasi kumi na mbili, je, nikiwa na nia nzuri? Kufikia saa nane tangazo lilikuwa mlangoni: MSHAURI WA MAOMBI YA UZAMILI. WATEJA WOTE HUKUBALIWA.

Saa tisa, mteja wa kwanza! Mwalimu wa shule ya msingi, anataka kusomea vyombo vya habari, mtu makini sana, ana daftari. Akaniuliza uzamili wangu nimesoma wapi. Nikamwambia ninaumalizia pale pale chuoni, nimebakiza utetezi wa tasnifu tu, na kwamba kamati ya udahili hainywi chai bila mimi. Alifurahi ajabu. Akayaandika yote.

Anarudi kesho saa tatu na mume wake, aliyevutiwa sana kusikia habari zangu. Mume, kumbe, ndiye msajili wa kile chuo.

Bora zaidi! Kwa cheo kile, atakuwa anajuana na watu wengi wanaohitaji ushauri.