Udongo wa Kiwanja Changu

Jumatatu, 6 Mei
Maji machafu yamepanda tena kupitia tundu la kutolea maji sakafuni mwa chumba cha chini ya ardhi. Mara ya tatu tangu Machi. Mashine ya kufulia imekufa. Loretha, mke wangu, hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema tu kwamba mara ya nne itamkuta kwa dada yake, mjini Toledo.

Jioni, mkutano wa mtaa. Mtaalamu wa udongo, Bi Sobczak, akasema watapima viwanja vitupu. Kimoja kitageuzwa bustani ya kunywa maji ya mvua kabla hayajajaza bomba la maji taka na kuturudia majumbani. Bustani inayokunywa. Sijaelewa. Naitaka kando ya nyumba yangu.

Jumanne, 7 Mei
Mpinzani ni mmoja: Bi Verlene Tibbs, ng'ambo ya barabara. Hapa Detroit nyumba ikibomolewa, kiwanja ni cha yule anayekikata nyasi. Sheria haisemi hivyo, ila mtaa mzima unajua. Changu, kando ya nyumba, nimekikata nyasi miaka tisa. Chake kina magugu ya kufika kiunoni na mashimo ya fuko.

Nimekodi rola. Nimekishindilia changu mpaka kikawa kama meza. Bi Verlene akauliza kutoka barazani kwake kama nasubiri ndege itue.

Alhamisi, 9 Mei
Wamekuja. Wakatoboa mashimo, wakamimina maji, wakakaa na saa. Kwangu, dakika arobaini, maji yako palepale. Nikamwonyesha Bi Sobczak jinsi udongo wangu ulivyo imara, haupotezi hata tone. Akaandika kitu.

Kwa Bi Verlene maji yalitoweka kabla mtu hajamaliza kahawa. Nilimwonea huruma. Kiwanja kinavuja.

Ijumaa, 17 Mei
Wamechagua kinachovuja. Nimesoma barua mara nne.

Bi Verlene amenieleza taratibu, kama anamlisha mtoto uji: maji yanatakiwa yazame, wewe Odell, si yakae yakikutazama. Tena kiwanja chake kiko juu kidogo ya nyumba yetu, kwa hiyo chumba kitakachopona kwanza ni changu. Basi nifunge mdomo nishukuru.

Loretha amerudisha nguo zake kabatini.

Jumanne, 11 Juni
Mafundi wamemaliza, wameondoka. Nimekwenda kutazama. Wameacha shimo! Bonde la ukubwa wa sebule, na vimimea vichache chini. Hata ukingo wa barabara wameukata, maji yaingie humo. Kazi ya nusu. Bi Verlene yuko Atlanta kwa mwanawe, hajui lolote.

Jumamosi, 15 Juni
Nimelijaza. Malori mawili ya udongo wa mfinyanzi. Nimesawazisha, nimepanda nyasi. Loretha akauliza kama nina hakika. Nikamwambia siwezi kuwaacha watu walionisaidia waaibike.

Jumapili, 16 Juni
Mvua tangu alfajiri. Maji yametelemka kwenye kiwanja cha Bi Verlene, yakavuka barabara bila kusita, yakaingia. Chumba cha chini yamefika ngazi ya tatu. Loretha ameondoka na basi la saa nne.

Nimemwandikia Bi Sobczak kwamba utafiti wake una kasoro. Bustani imesawazika vizuri vile, na haijanywa hata tone. Nimemshauri safari nyingine amsikilize mtu anayejua udongo.