Mwenye Wimbo Yuko Mhezi

Jumatatu, 4 Agosti

Nimejiponza. Kikao cha kamati ya send-off ya Jenifer, binti wa bosi. Bosi mwenyewe, Mzee Paschal, akasema Jumamosi lazima upigwe "Funga Mlango Polepole", wimbo wa soul anaoupenda tangu ujana, ule wa Sefu Machozi. Wilbard, karani mwenzangu wa dirisha la pili, akafumba macho, akaimba kiitikio. Makofi. Mkataba wa karani mmoja tu ndio utaongezwa mwezi huu, na makarani tuko wawili. Nikaona kazi yangu inaondoka na kiitikio. Nikasema mimi nitamleta mwimbaji mwenyewe.

Mzee Paschal akaniuliza kwa upole kama sijui kwamba Sefu Machozi alishafariki. Nikajibu kwamba simaanishi huyo, namaanisha aliyeuimba kabla yake.

Hakuna mtu kama huyo. Nimemtunga hapohapo, soda mkononi. Ameingizwa kwenye ratiba, baada ya keki.

Jumanne, 5 Agosti

Wilbard kila akipita mezani kwangu ananiuliza mgeni wetu anakula nyama au samaki. Nimejaribu kuugua. Nikakohoa mbele ya bosi. Akasema nisihangaike na tangawizi, mwimbaji atanitibu kwa sauti.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango mpya: kumvisha mama mwenye nyumba wangu, Mama Mwanaidi, gauni refu na kumfanya mwimbaji. Akauliza wimbo gani. Nilipomtajia akasema hawezi kuvaa jina la mtu aliye hai. Wimbo huo ni wa Bibi Nakunda wa Mhezi. Marehemu mume wa Mama Mwanaidi alikuwa akipeleka chumvi milimani, akamsikia akiuimba kabla redio haijaujua.

Nikakaa kwenye ngazi. Uongo wangu upo kweli, na unaishi Mhezi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, ofisi imefungwa. Bodaboda hadi Mhezi. Shati jeupe, viatu vya ofisini, faili kwapani ili nionekane mtu. Kumbe leo ni msaragambo. Kijiji kizima kinazoa tope kwenye ndiva, bwawa lao la kumwagilia mashamba. Msaragambo hauna mgeni, ukipita unapewa jembe. Asheri, msimamizi, akaninyooshea la kwangu. Nikahofia viatu. Nikasema natoka ofisini, nimekuja kukagua.

Wakafurahi mno. Bibi mmoja aliyekuwa ukingoni akiongoza nyimbo za kazi akasema, "Mpisheni mkaguzi ashuke, baba. Wa mwaka jana alipima tope kwa macho."

Nikashuka. Likanifika kiunoni. Faili likaelea. Kiatu cha kushoto sasa ni mali ya kijiji.

Bibi huyo ndiye Nakunda. Nilimwamkia nikiwa ndani. "Marahaba, mkaguzi. Tope lina kina gani?" Nikamweleza yote, bosi, Wilbard, soda, kwa kuwa sikuweza kutoka. Akacheka hadi akashika mbavu. Kisha akaacha kucheka. Atakuja, ila kwa sharti moja: atajwe mbele ya watu kuwa mwenye wimbo. Miaka yote amesema ule ni wake, na hata wajukuu humjibu, "Sawa Bibi, umeshakunywa dawa?"

Nikaapa. Wakanivuta nje. Wakanipa jembe vilevile.

Jumamosi, 9 Agosti

Wilbard ndiye MC. Akamtangaza kama bibi kutoka mlimani atakayetuimbia wimbo wa marehemu Sefu Machozi. Bibi Nakunda hakusimama. Alinitazama tu.

Nilitamani kuingia chini ya meza. Miguu ikanipeleka mbele badala yake. Nikachukua maiki. Sauti ilitoka nyembamba kama ya kifaranga, lakini ilitoka: wimbo huu ni wa Bibi Nakunda Mbwambo wa Mhezi. Ukumbi ukaguna.

Ndipo akasimama. Akasema Sefu alikuwa utingo. Lori lao liliharibika Mhezi, akaja kuomba maji. "Nikampa maji, na jioni nikampa wimbo. Alinishukuru kwa maji."

Akaimba bila vyombo, polepole, na ubeti ambao redio haijawahi kuwa nao: mama anamwambia binti kwamba mlango uliofungwa polepole haujatiwa ufunguo. Jenifer akalia, wanja wote ukashuka. Mzee Paschal akalia juu ya keki. Wilbard akaomba kitambaa kwangu. Wazee wa meza ya nyuma wakasimama wakiita, Nakunda, Nakunda. Mjukuu aliyemsindikiza akampokea kwa mikono miwili. Sikusikia habari ya dawa.

Jumatatu, 11 Agosti

Mkataba wangu umeongezwa. Wilbard amepata nafasi Mwanga, akaniaga vizuri. Mzee Paschal amenitaja mbele ya ofisi nzima kuwa kijana makini, asiyesema jambo asilolijua. Nimeamua kuanzia leo iwe hivyo kweli. Uongo unachosha, na nina kiatu kimoja.

Wakati wa chai Mzee Paschal akauliza, kwa kuwaza tu, gitaa lile kwenye santuri ya Sefu lilipigwa na nani. Watu wote wakanigeukia mimi. Nikasema yuko hai, yuko Bendera, tena tumeongea juzi.

Ameingizwa kwenye ratiba ya sherehe ya Mzee ya kustaafu, mwezi ujao. Bendera sijawahi kufika. Lakini mtu hafanyi kosa moja mara mbili: jioni hii nimeazima mabuti ya mvua.